Mulevi wa Kutuliza Daraja

Jumanne, Machi 4

Leo nimelivuka mara ya kwanza, na nusu ya safari nilikuwa nimefumba macho. Ni daraja la nyaya la watembea kwa miguu, huku Nzahaha. Mbao chini, nyaya nene za chuma kila upande, mto mwekundu unapita katikati. Na linacheza. Si juu na chini tu, linakwenda kando, kushoto na kulia. Ukiwa peke yako unaweza kucheka. Mkiwa kumi, linaanza kukuchagulia mahali pa kuweka mguu.

Mimi ni Laurence, nafundisha mitambo katika shule moja ya ufundi Kamembe. Gitifu, yaani katibu mtendaji wa sekta (tarafa) hii, ametuita sisi wa shule kwa sababu moja: daraja likiendelea kucheza hivi, atalifunga mvua hizi zote mpaka kiangazi. Upande wa chini kuna kituo cha afya. Upande wa juu kuna vilima na watu. Kuzunguka kwa barabara ni nusu siku, tena kama barabara haijakatika.

Upande wa juu nimemkuta Védastine, mshonaji, cherehani yake iko barazani. Mume wake anafanya kazi kwenye kiwanda cha simenti Bugarama, anarudi mwisho wa wiki. Ana mimba inayoonekana vizuri. Ile ya kwanza aliipoteza njiani, mwaka ambao mto ulijaa wakamzungusha kwa barabara. Hakunisimulia yeye, nimeambiwa na jirani. Yeye aliniuliza swali moja tu, sindano ikiwa mdomoni.

"Madame, hii kilalo itatulia mbele ya mwezi wa tano?"

Kilalo ndilo daraja kwa lugha ya huku. Nikasema tutajaribu. Aliniangalia namna ya kumwangalia mtu anayetabiri mvua kwenye redio, akaendelea kushona.

Ijumaa, Machi 7

Mvua. Viatu vyangu vya kazi vimekufa rasmi.

Jumatano, Machi 12

Siku nzuri sana. Niliwatumia habari mapema, na Zulaikha, mama anayeongoza ushirika wa wakulima wa mpunga na pia mwangalizi wa daraja, alikuwa amepanga kila kitu. Amefunga Ramadhani, midomo imekauka, lakini alikuwa amesimama pale kama mwenye harusi. Mbao zimefagiliwa. Kamba nne za buluu zinazolishika daraja kwa kando, kutoka chini ya mbao hadi kwenye mikaratusi ya kingoni, zimekazwa barabara. Nimezichora kwenye mchoro wangu. Watu walikuja wameoga, wakapita wawiliwawili, polepole, wakinisalimia kila mmoja. Daraja lilicheza kidogo kuliko nilivyokumbuka. Nikajicheka kwa woga wangu wa wiki iliyopita.

Nimeeleza mpango wangu mara nyingi leo, ngoja nieleze na hapa. Katikati ya daraja tunafunga sanduku la chuma. Ndani yake kuna tofali zito la madini ya risasi linaloteleza kwenye reli, kushoto na kulia, likisukumwa na mota. Kidude kidogo kinahisi mtikisiko (rafiki yangu Cirhuza anakiita kapteri, Kifaransa chake cha Bukavu) na kuiambia mota: daraja linaenda kushoto, wewe sukuma hivi, sasa linarudi, wewe sukuma vile. Mota inafuata daraja, daraja linafuata mota, wanasikilizana hivyo kila wakati.

Tatizo ni kwamba ukichelewa kidogo tu, unasukuma wakati wa kuzuia. Hapo hutulizi daraja, unalibembeza. Na ili usichelewe lazima ujue mapigo yake, yaani linakwenda na kurudi kwa haraka gani. Lakini mapigo ya nani? Daraja kavu si daraja lililolowa. Daraja lenye watu ishirini si daraja tupu. Ndiyo maana naipenda kazi hii. Siundi mashine ya daraja moja, naunda ya madaraja yote ambayo hili linaweza kuwa. Kwa hiyo kabla ya kupima daraja lazima nipime kitu kingine: kutojua kwangu kuna ukubwa gani?

Jumamosi, Machi 15

Vipimo vya pili. Niliwaarifu jana, Zulaikha alikuwa tayari. Matokeo karibu yaleyale.

Jumatano, Machi 19

Vipimo vya tatu, mbao zikiwa zimelowa chapa. Karibu yaleyale tena! Kila kipimo naweka nukta kwenye karatasi, halafu nazungushia nukta zote mstari. Huo mstari nauita uzio. Ndani ya uzio ni madaraja ninayokubali kwamba yanawezekana. Uzio ukiwa mpana, mashine lazima iwe na adabu, isisukume sana, maana haijui iko kwenye daraja gani. Uzio ukiwa mdogo, mashine inaweza kuwa na nguvu.

Uzio wangu ni mdogo kama sahani ya chai. Nimeuangalia jioni nzima kwa furaha. Kuna kitu kilinikera kidogo, kwamba mbao zilizolowa zilitakiwa kunibadilishia mapigo zaidi ya hivi. Nikajijibu mwenyewe kwamba nyaya ndizo zinazotawala. Jibu lilinipendeza, nikalala.

Jumamosi, Machi 29

Umuganda. Ni kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Badala ya kulima barabara, kijiji kizima kilibeba sanduku letu kutoka kwenye gari hadi katikati ya daraja. Cirhuza, ambaye anavuka mpaka kila wiki kuja kunichomelea vyuma na kunikosoa, alipiga kelele asubuhi nzima ingawa hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Tulipoliwasha kidogo, tofali likayumba kushoto, likayumba kulia, na bibi mmoja akauliza kama ndiyo hiyo mashine ya kuzuia watu wasiyumbe, mbona yenyewe imekunywa? Basi. Jina limeshapatikana. Inaitwa Mulevi.

Jumatatu, Aprili 7

Wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari imeanza. Kazi imesimama. Mvua haijasimama.

Jumapili, Aprili 20

Pasaka. Védastine amenishonea blauzi bila kuniambia bei. Nilipouliza, akasema nitamlipa kwa daraja.

Jumamosi, Aprili 26

Umuganda tena, na siku ya kukabidhi. Gitifu, padri, shehe, watoto, wote juu ya daraja wakicheza, na Mulevi akawashika! Niliona kwa macho yangu: wanarukaruka, daraja linaanza kuyumba, tofali linateleza kinyume, mtikisiko unakufa. Gitifu alinipa mkono mara mbili. Védastine, tumbo mbele, alivuka na kurudi bila kushika waya, akaniuliza kama sasa ni uhakika. Nikamwambia najua hilo daraja kuliko nyumba yangu.

Jumapili, Aprili 27

Andika, Laurence. Andika yote.

Nililala kwa Zulaikha ili nione watu wakienda misa. Asubuhi mvua ilikuwa imekatika, jua limetoka, wanashuka kutoka vilimani kwa mstari, kanzu na vitenge vya Jumapili. Mulevi alikuwa amewashwa tangu jana. Nilisimama upande wa chini na kikombe cha chai, najisikia vizuri kupita kiasi.

Walipofika watu wanane hivi kwenye mbao, daraja liliyumba kidogo. Kawaida. Mulevi akajibu. Halafu likayumba zaidi. Mulevi akajibu kwa nguvu zaidi, na mimi nikasikia tofali linagonga mwisho wa reli, sauti ambayo hatukuwahi kuisikia. Kila kwenda na kurudi kulikuwa kukubwa kuliko kwa kwanza. Nikaelewa kabla ya kukubali: hazuii, anasukuma. Yuleyule aliyetuliza gitifu na ngoma zote jana, leo anatikisa watu wanane waliotembea kwa amani. Watu wakakaa chini, wakashika mbao. Nilimwaga chai, nikakimbilia waya wa batri, nikaung'oa. Daraja likaendelea kuyumba peke yake kwa muda, likichoka taratibu.

Védastine alikuwa katikati. Alianguka kwa magoti na mikono, akazuia tumbo lisiguse. Goti limechanika. Tulimpeleka kituo cha afya upande huu, nesi akasikiliza mtoto, mtoto yuko vizuri. Nilikaa kwenye benchi nje nikilia, wala sioni haya kuliandika.

Alipotoka nilianza kumwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema ulisema unajua. Akarudi kwao kwa njia ndefu, kwenye pikipiki, kwa matope, mimba ya miezi minane, badala ya kukanyaga lile daraja tena.

Jumatatu, Aprili 28

Gitifu hakunipa mkono. Mulevi aondolewe, na daraja lifungwe wiki tatu zijazo, mafundi wengine wakitafutwa. Nimeomba hizo wiki tatu ziwe zangu. Amekubali kwa sharti kwamba Mulevi akiwaka, hakuna mtu juu isipokuwa mimi na Cirhuza. Cirhuza amesema asante sana kwa heshima hiyo.

Jumanne, Aprili 29

Nimepitia hesabu zote. Hazina kosa, na hilo ndilo linalonikasirisha.

Alhamisi, Mei 1

Sikukuu, shule imefungwa. Nikaenda bila kumwarifu mtu, kuchukua kapteri tu. Nikafika kwenye daraja, nikasimama. Kuna kitu hakipo. Niliangalia mchoro wangu, nikaangalia daraja, nikaangalia mchoro tena. Kamba nne za buluu hazipo. Kwenye mikaratusi kuna alama za gome lililosuguliwa, basi.

Tatu nilizikuta nyumbani kwa Zulaikha. Mbili zimefunga ng'ombe. Ya tatu imeanikiwa nguo. Ya nne iko kwa Niyonshuti, kiongozi wa wabeba ingobyi, ile machela yetu ya wagonjwa. Anaitumia kukaza miti ya machela.

Nilimwuliza Zulaikha, sauti ikiwa juu kidogo kuliko ilivyostahili mbele ya mtu aliyenizidi umri, kamba za daraja zinafanya nini kwa ng'ombe. Akashangaa. Kamba za daraja zipi? Ni kamba za ng'ombe. Walizifunga kila nilipotuma habari kwamba nakuja, na siku ya gitifu pia, wakazifungua jioni. Mbona wasiziache? Kwa sababu mto ukijaa unaleta magogo, gogo likinasa kwenye kamba litaondoka na daraja. Hilo kila mtu analijua.

"Lakini kwa nini mulizifunga, Maman Zulaikha?"

"Mugeni akiya kwako, utamuonyesha kitanda bila shuka? Tuliona haya. Ile kilalo inacheza mubaya. Tulitaka uikute imetulia kidogo."

Nikakaa kwenye kigoda chake. Sikujua nicheke au nipige kelele, nikafanya vyote viwili. Wameliogesha daraja kabla halijamwona daktari! Na si kamba tu. Nilipomhoji zaidi, akanihesabia adabu zote: waliacha mizigo nyumbani, wanene waliambiwa wasije, vijana waliamriwa watembee kama wako kanisani. Miezi miwili nimepima heshima yao. Sahani yangu ya chai ilikuwa uzio wa daraja ambalo lipo siku nikija tu. Lile la Jumapili, lisilo na kamba, lina mapigo ya polepole, na Mulevi akalisukuma kwa mapigo ya mwenzake.

Zulaikha alipoelewa, alishika kichwa. Akaanza kusema ni yeye aliyemwangusha Védastine. Nikamkatalia. Nukta zilizofanana hivyo kwenye mvua zilikuwa zinaniambia kitu, nami nikapenda kusifiwa. Tumegawana kosa, kila mmoja akabaki anaona fungu lake ndilo kubwa. Alinilazimisha kula kabla ya kuondoka.

Jumamosi, Mei 3

Leo nimevuka na kitenge kiunoni na gunia la mpunga kichwani. Shingo inauma. Nukta iliangukia nje kabisa ya uzio wa zamani.

Jumatano, Mei 7

Hakuna kuarifu mtu. Kapteri inabaki darajani na kuandika yenyewe, na gitifu ameruhusu watu kupita Mulevi akiwa amezimwa. Wanapita na mbuzi. Wanapita na magodoro. Wanafunzi wanashindana nani atalitikisa zaidi. Mafundi watano wamebeba mlango wa chuma huku wakigombana juu ya mtu ambaye hayupo. Kila kitu nakiwekea nukta, na nukta zimetawanyika kama kuku wamefunguliwa. Uzio wangu sasa umezidi karatasi. Nimebandika ya pili.

Kwa nini jambo hili linanifurahisha? Nilitakiwa kuhuzunika. Lakini mara ya kwanza tangu Machi naona daraja lenyewe.

Jumapili, Mei 11

Shida ya uzio mpana ni kwamba mashine inakuwa mwoga. Nikimpa Mulevi nguvu za zamani, kuna daraja mle ndani atakalolisukuma. Nikimpunguzia mpaka awe salama kwa yote, anapunguza mtikisiko nusu tu. Cirhuza anasema nusu ni mashine ya aibu. Nimemjibu kwamba hii nusu haitamwangusha mtu, na tukabishana mpaka chakula kikapoa.

Kuna nukta moja sina: ingobyi. Wanaume wanne, hatua moja, nusu wakikimbia, hakuna kitu kibaya kuliko hicho kwa daraja. Nilimwomba Niyonshuti wavuke nayo ikiwa tupu, au na mchanga ndani. Alikataa kwa upole. Hawabebi ingobyi bila mgonjwa, ni kumwita mgonjwa. Sikumbishia. Nimekadiria tu, halafu nikaongeza nafasi tupu pembeni ya uzio kwa ajili ya kile nisichopima. Mulevi akazidi kuwa mpole.

Alhamisi, Mei 15

Nimepita kwa Védastine kwa njia ndefu. Amenipa chai. Hatukuzungumza juu ya daraja.

Jumamosi, Mei 17

Nilifika asubuhi, mvua inanyesha kwa hasira, mto umefika karibu na mbao. Nilikuja pamoja na Cirhuza kumjaribu Mulevi. Nikasikia watu wanashuka kutoka juu, wanaitana, na kabla sijawaona nilikuwa nimeshajua ni nani.

Uchungu ulimshika tangu alfajiri. Walijaribu njia ndefu kwanza, kama alivyotaka. Udongo umeporomoka, barabara haipo. Niyonshuti na wenzake watatu walisimama mwanzo wa mbao na ingobyi mabegani, maji yakiwatiririka usoni. Nilivuka nikawafikia. Védastine alikuwa amefunikwa turubai, uso tu nje.

Niyonshuti aliuliza: Mulevi awake au azimwe? Akizimwa, najua kitakachotokea, maana hatua nne za pamoja kwenye daraja lililolowa zitaliyumbisha vibaya na hakuna wa kulishika. Akiwaka, sijui. Gitifu amekataza mtu kuwa juu Mulevi akiwaka, lakini gitifu hakuwa pale. Nikainama kwa Védastine, kwa sababu ni yeye aliyekuwa ndani ya ingobyi.

"Itakubali?" akaniuliza.

"Sijui. Ingobyi sijaipima. Nimeacha nafasi kwa vitu nisivyopima, kubwa kuliko ile ya kwanza, kubwa sana. Lakini sijui."

Uchungu ulikuja, akashika mkono wangu mpaka ukapita.

"Siku ile ulisema unajua, nikaanguka," akasema. "Leo unasema haujui. Iwashe."

Nikampigia Cirhuza kelele upande wa pili, akawasha. Mimi nilitangulia, nikaenda kinyumenyume, swichi ya redio ya kuzimia, tuliyoiongeza baada ya Jumapili ile, mkononi, nikiangalia miguu yao. Walipofika robo ya njia daraja lilianza. Kushoto, kulia. Likakua. Nilisikia tofali la Mulevi likiteleza, bila kugonga. Likakua kidogo tena, kidole changu juu ya swichi, na hapo Niyonshuti akaanza kuimba taratibu ule wimbo wao wa kubeba, hatua zikawa moja kabisa, jambo baya kuliko yote niliyoyaogopa kwenye karatasi. Nilitaka kumwambia anyamaze. Sikuthubutu kuwakata pumzi.

Likafika kiwango fulani cha kuyumba, likabaki hapo. Halikutulia. Liliendelea kwenda na kurudi kwa upana uleule, hatua baada ya hatua, halikui, halipungui, kama mtu aliyekubali kazi. Mgongo wangu uligonga nguzo ya upande wa chini ndipo nikajua tumefika.

Niyonshuti alipita mbio akisema kwa kunung'unika kwamba huyu Mulevi wangu ni mvivu sana. Sijawahi kusikia sifa tamu kama hiyo.

Mtoto wa kike amezaliwa saa saba mchana. Mama mzima. Zulaikha alikuja kwenye benchi akanifunika kanga yake kavu, tukakaa.

Jumapili, Mei 18

Nimeweka nukta ya ingobyi. Imeangukia kwenye ile nafasi tupu. Ndani.

Jumatano, Mei 21

Gitifu amesoma ripoti yangu yote, amenikaripia kwa kuvunja sharti lake, halafu ameandika kwamba daraja libaki wazi. Kwa maneno yake, Mulevi aendelee "chini ya uangalizi."

Jumapili, Juni 8

Mvua imekwisha. Vumbi limeanza kurudi, na baridi ya asubuhi.

Nilikuwa nimekaa upande wa chini na kompyuta yangu, watu wanatoka misa. Védastine alikuja wa mwisho, kwa miguu yake, mtoto mgongoni. Alikanyaga mbao bila kupunguza mwendo, bila kushika waya, bila kunisalimia kwa adabu kama Machi. Katikati kabisa, juu ya Mulevi, mtoto akalia. Nikadhani ataharakisha avuke. Akasimama. Akaanza kumbembeleza palepale, kiuno kushoto, kiuno kulia, taratibu, kama mama yeyote barazani kwake, na daraja likaanza kumfuata. Mulevi akaamka. Yeye akaniangalia na kuzidisha makusudi.

"Pima na hii, Madame," akasema.

Nikapima. Sikuwahi kuwaza mama akibembeleza mtoto juu ya daraja. Nukta iliangukia ndani, lakini ukingoni kabisa, nami nikachukua kalamu nikausogeza uzio kidogo nje. Mtoto alikuwa ameshalala.